Kilicho Chini ya Bati

Wakazi wa upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, kuanzia Kinole hadi Matombo, wameshazoea mlio wa ndege ndogo. Asubuhi zinatoka Zanzibar zikielekea Mikumi, jioni zinarudi. Mtalii anaamka ufukweni, anaona tembo na twiga kabla ya chakula cha mchana, na usiku analala tena karibu na bahari. Biashara hiyo imekua haraka katika miaka michache tu. Kwa mtu kama mimi, niliyemaliza utumishi wangu nikipima udongo wa mkoa huu, kila mlio unaleta hesabu kichwani: hiyo ni ya tani nne, hiyo inakaribia kumi na mbili, na je, huko inakotua mvua imenyesha lini?

Novemba 2023 ndege mbili za aina ya Embraer 120 zilipata ajali siku moja katika kiwanja cha Kikoboga, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Ya kwanza ilikuwa inatua. Ya pili, saa chache baadaye, ilikuwa inaondoka. Abiria walinusurika. Chanzo ni kazi ya wachunguzi wa ajali, nami sitakigusa. Ila wiki zile, kila nilipokaa, iwe msibani au kwenye kahawa, mtu alikuwa na dawa yake ya viwanja vya porini. Wengi walisema lami. Mmoja aliyewahi kuvaa magwanda akasema lami ya nini, zipo sahani za alumini za kijeshi, unazitandika, unazifunga moja kwa nyingine, wiki haiishi ndege zinatua. Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Mimi nilinyamaza, maana jibu langu ni refu na linaanzia ndani ya beseni la maji.

Nilianza kazi ya ufundi sanifu katika maabara moja ya udongo mjini Morogoro mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ilikuwa na vyumba viwili vya vumbi, tanuri ya kukaushia sampuli, mizani, na beseni la zege lililojaa maji muda wote. Mkuu wangu alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye koti jeupe ambalo udongo wa Bigwa na Kilakala ulikwisha kuligeuza rangi. Wiki yangu ya kwanza alinikabidhi mfuko wa udongo mweusi uliotoka tambarare za Mkata, kwenye barabara ya kwenda Iringa, akaniambia niushindilie katika makopo mawili ya chuma.

Kipimo chenyewe kinaitwa CBR, na kinaeleweka hata kwa asiye fundi. Udongo ulioshindiliwa kwenye kopo unasukumwa na nguzo fupi ya chuma, polepole, na nguvu inayohitajika kuizamisha milimita mbili na nusu inalinganishwa na ile inayohitajika kwa kokoto nzuri iliyosagwa. Kokoto hiyo ndiyo mia. Udongo mwingine wote unapewa namba yake chini ya hapo. Kilibuniwa huko California kwa ajili ya barabara, na Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto wahandisi wa jeshi la Marekani wakakichukua kwa ajili ya viwanja vya ndege, kwa kuwa walihitaji njia ya haraka ya kujua kama ardhi ngeni itabeba ndege ya mabomu.

Kopo la kwanza tulilijaribu likiwa kavu. Udongo ukagoma. Namba iliyotoka ilizidi ishirini, namba ambayo mkandarasi yeyote angeipokea kwa furaha. Kopo la pili likaingia majini kwa siku nne, juu yake limewekewa mabamba ya uzito na saa ndogo ya kupimia kuvimba. Kila asubuhi nilitumwa kuisoma ile saa kabla ya chai, na kila asubuhi sindano ilikuwa imesogea. Udongo ulikuwa unanyanyua chuma. Siku ya nne nilipolitoa kopo, ulikuwa umefura hadi kuvuka mdomo wake, unang'aa, na ukiugusa unabaki na alama ya kidole. Nguzo ikazama bila ubishi. Namba ilikuwa mbili.

Mkuu aliandika namba zote mbili ubaoni, akaikata ile kubwa kwa mstari mmoja. "Hiyo ni ya wanasiasa," akasema, akaenda zake kunywa chai.

Sina hakika kama chuo chochote kingenifunza zaidi ya hapo. Mkoa wa Morogoro una miezi kadhaa ya ukavu katikati ya mwaka, na katika miezi hiyo mbuga za Mkata na bonde la Kilombero zinakuwa ngumu kiasi kwamba jembe linadunda. Mtu anayetafuta mahali pa kiwanja huja wakati huohuo, kwa sababu ndio wakati gari linafika. Anaona uwanda, hauna mlima, hauna miti mingi, anapiga chini kwa buti, anaridhika. Viwanja vingi vya porini nilivyovipima vilichaguliwa kwa buti la mwezi wa nane.

Zamani hilo halikuwa na madhara makubwa. Majeshi ya Jenerali Smuts, aliyewaongoza Waingereza dhidi ya Wajerumani, yalipoingia Morogoro Agosti 1916, kikosi cha ndege cha Waingereza kilikuja nyuma yake na ndege za BE2c, za mbao na turubai, ambazo zikijazwa kila kitu zilikuwa na uzito wa tani moja hivi. Nyasi zilitosha. Leo Cessna Caravan, ambayo sisi tunaiita ndege ndogo, inaondoka ikiwa na karibu tani 4, na Embraer 120 ikijaa inakaribia tani 12. Udongo wa Mkata haukupewa taarifa ya mabadiliko hayo.

Nikapandishwa kidogo, nikaanza kutumwa nje ya maabara. Chombo chetu cha safari kilikuwa fimbo ya chuma yenye ncha ya koni na nyundo ya kilo 8 inayopanda na kudondoka juu yake kutoka kimo cha milimita 575. Unagonga, unasoma imezama kiasi gani, unagonga tena. Kwa kila pigo unapata picha ya ardhi hadi karibu mita moja chini, bila kuchimba shimo. Ni kazi ya kuchosha mikono na masikio, na tembo hawaipendi.

Katika kiwanja kimoja cha mbugani nilimkuta mzee aliyekuwa mlinzi wake kwa miaka mingi. Kazi yake rasmi ilikuwa kufyeka nyasi, kufukuza nyumbu na pundamilia, na kutunza soksi ya upepo. Alisimama akinitazama nikigonga katikati ya njia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hilo dude linauliza nini?"

Nikamweleza. Akacheka, akaniambia katikati pale ningegonga hadi jioni nisipate kitu. Akanipeleka mwisho wa njia, mahali ndege zinapogeukia, kisha pale zinapoegesha, kisha akanionyesha ukanda ambao nyasi zake zilikuwa bado na rangi ya kijani mwezi wa tisa. Nikagonga. Mahali pa kugeukia fimbo ilizama mara mbili ya nilivyopata katikati. Kwenye ule ukanda wa kijani ilipita safu ya juu na kushuka yenyewe karibu bila nyundo.

Baadaye niliyasoma vitabuni, ila yeye aliyajua kwa miguu. Ndege inayokimbia imebebwa nusu na mabawa yake. Uzito wote unaikalia ardhi pale inapotembea polepole, inaposimama kungoja abiria, na inapogeuka. Gurudumu la ndani la ndege inayogeuka karibu halisogei, linasokota tu, na kuchana ngozi ya juu ya kiwanja. Ndiyo maana hata viwanja vikubwa vya zege huwekwa unene zaidi kwenye ncha na maegesho kuliko katikati. Tangu siku ile, kila nilipofika kiwanja nisichokijua nilimtafuta kwanza mfyeka nyasi.

Mzee huyo alikuwa na tabia nyingine iliyomponza. Mvua kubwa ikinyesha, alikuwa anaviringisha mapipa matupu na kuyapanga katikati ya njia, ndege isiweze kutua. Hakuna aliyempa mamlaka hayo. Wageni wakakwama siku hiyo kwenye kambi, simu za upepo zikaita, na yeye akaitwa kujieleza mbele ya watu waliokuwa na viatu vikavu. Aliniambia walimwuliza kipimo gani kilimwambia afunge. Aliwajibu kwamba alitembea njia nzima na kandambili zake, moja ikabaki kwenye tope.

Niseme kidogo kuhusu changarawe, kwa maana watu wakisikia udongo mweusi ni mbaya hudhani dawa ni kumwaga kifusi chochote juu yake. Uluguru ina udongo mwekundu mzuri, lakini sehemu nyingine za milima hii zina ulanga mwingi, yale madini ya vipande vyembamba vinavyong'aa juani, ambayo yalichimbwa hapa tangu enzi za Wajerumani. Tulipewa machimbo ya kifusi chini ya milima, karibu na saiti, bei ya kusomba nafuu kabisa. Kwa macho kilikuwa kifusi kizuri. Rola lilipopita, ardhi ilibonyea na kunyanyuka tena nyuma yake kama godoro. Dereva akaongeza mizunguko, akidhani hajashindilia vya kutosha, na ikawa vilevile. Vile vipande vya ulanga vinapinda vikikandamizwa, mzigo ukiondoka vinajinyoosha, na hewa inabaki ndani yake ikingoja maji. Tulihamia machimbo ya mbali zaidi, na msimamizi wa fedha hakunisalimia kwa mwezi mzima.

Waluguru hawahitaji kufundishwa kwamba udongo wa juu na wa chini si mmoja. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha kukata matuta ya ngazi milimani kwa mpango wa matumizi ya ardhi, na mahali pengi kazi hiyo ilifukia udongo wenye rutuba na kuleta juu ule usiootesha kitu. Mwaka 1955 watu wa Matombo wakachachamaa, damu ikamwagika, na mpango ukaachwa. Wataalamu waliouandika hawakuwa wajinga. Walikuwa na haraka tu ya kufunika mteremko kabla ya kuuchimba.

Nakuja sasa kwenye mabati. Miaka ya 1990 nilipelekwa kozi fupi ng'ambo, na jioni ambazo wenzangu walikwenda madukani mimi nilikuwa maktaba, kwa sababu posho ilikuwa ndogo na maktaba ina joto. Huko nilikuta ripoti nene za majaribio ya sahani za kutandika viwanja vya ndege. Nilizisoma kwa shauku ambayo mke wangu mpaka leo haielewi.

Ya kwanza kupata umaarufu ilikuwa bamba la chuma lenye matundu, urefu mita 3, upana sentimita 38, kilo 30, matundu 87 katika mistari mitatu. Watu wawili wanalibeba. Pembeni lina ndoano na nafasi za kuingizia ndoano za jirani yake. Lilijaribiwa Novemba 1941 katika mazoezi makubwa ya kijeshi karibu na mji mdogo wa Marston, North Carolina, likachukua jina la mji huo, na katika vita likatandikwa kuanzia visiwa vya Pasifiki hadi Afrika Kaskazini na Ulaya. Vita vilipokwisha likawa uzio, daraja la mtaro, na ngazi ya kunasulia lori, dunia nzima. Baada yake zikaja sahani za alumini, maarufu zaidi ikiwa AM-2: urefu karibu mita 3.7, upana mita 0.6, unene usiofika sentimita 4, na uzito wa zaidi ya kilo 60. Hizo ndizo alizozitaja yule mwanajeshi mstaafu kwenye kahawa.

Sahani hizo zilipimwa mji wa Vicksburg, Mississippi, katika kituo cha majaribio cha wahandisi wa jeshi kilichoanzishwa mwaka 1929 baada ya mafuriko makubwa ya mto Mississippi ya 1927. Kilianza kwa ajili ya maji, na hilo nalipenda. Wanachimba shimo refu ndani ya banda lenye paa, wanalijaza udongo safu kwa safu, wakiupima na kuulowesha hadi wapate namba wanayoitaka. Wanatandika sahani. Kisha wanaleta mkokoteni mzito wenye gurudumu halisi la ndege, lililojazwa upepo kama lilivyo kazini, wanaupitisha mbele na nyuma, mara mia na mara mia nyingine. Hawaupitishi mstari mmoja; wanauhamisha kushoto na kulia kwa mpangilio, kwa sababu marubani halisi hawakanyagi mahali pamoja daima. Wanasimama kila baada ya muda kuhesabu sahani zilizopasuka na kupima kina cha bonde lililojitokeza. Bonde likizidi kiasi fulani, au nyufa zikizidi, sahani imeshindwa, hata kama bado inaonekana nzima.

Udongo wanaoutumia ni mfinyanzi mzito wa kingo za Mississippi, unaofura ukilowa na kupasuka ukikauka. Niliposoma maelezo yake niliweka kitabu chini. Ulikuwa udongo wa Mkata umezaliwa bara jingine.

Ila angalia namba. Lengo lililokuwa likitajwa kwa AM-2 ni kubeba mipito 1,500 ya ndege nzito za kijeshi juu ya udongo wenye CBR 6. Sita. Beseni la Morogoro lilitoa mbili. Sahani haifuti udongo, inautawanyia mzigo tu. Ukiuweka mzigo uleule juu ya ardhi yenye theluthi ya nguvu, ahadi iliyoandikwa kwenye ripoti haikuhusu tena. Ni kweli kwamba Caravan si ndege ya kijeshi, na chini yake sahani ingeishi muda mrefu zaidi. Lakini hesabu ya mipito inakimbia kuliko watu wanavyodhani. Kiwanja kinachopokea ndege 20 kwa siku kina mipito 40, kwa maana kila inayotua itaruka, na kwa mwendo huo mipito 1,500 inakwisha kabla ya siku ya arobaini. Porini njia ni nyembamba, rubani anafuata alama ya mwenzake, na ule utawanyiko wa kushoto na kulia wa Vicksburg karibu haupo.

Halafu kuna lile paa. Vita vya Vietnam viliwaonyesha Wamarekani nini kinatokea paa lisipokuwepo. Mwaka 1965 walitandika AM-2 juu ya mchanga huko Chu Lai, ndege zikaanza kuruka tarehe 1 Juni, na mvua zilipokuja mchanga ukahamahama chini ya sahani, ikabidi sehemu zifumuliwe na msingi utengenezwe upya. Waingereza waliporefusha kiwanja cha Stanley kule Falklands baada ya vita vya 1982, walitumia sahani hizohizo na zikabeba ndege za kivita, lakini kwanza walifanya kazi kubwa ya msingi. Picha za magazeti zilionyesha sahani.

Nafasi ya kuyaona haya kwa macho yangu ilikuja baadaye, upande wa kusini wa milima, kuelekea Kisaki. Mwekezaji mmoja mwenye kambi ya wageni alikuwa amenunua shehena ya yale mabamba ya zamani ya chuma kutoka kwa wauza vyuma chakavu Dar es Salaam. Alitaka kuyatandika maegesho na ncha moja ya njia, na akataka mtu wa udongo amwambie kama yatafaa. Nilimwomba tutandike kipande tu kwanza, tukijaribu, naye akakubali kwa sababu jaribio lilikuwa bei rahisi kuliko ndege.

Hatukuwa na mkokoteni wa Vicksburg. Tulikuwa na tipa. Tukaijaza kokoto, tukaongeza upepo kwenye matairi ya nyuma hadi dereva akasogea mbali. Vijana wa kijiji walibeba mabamba wawiliwawili, wakipokezana utani, na kuyafunga kwa nyundo; nusu ya ndoano zilikuwa zimepinda tangu vita ya Hitler, zikanyooshwa juu ya jiwe. Kelele ilikuwa kubwa kiasi cha kufukuza nyani wote wa eneo lile.

Tukaanza pakavu. Tipa mbele, tipa nyuma. Dereva baada ya muda akatoa kichwa dirishani: "Fundi, mimi nilisomea kwenda mbele. Hii ya kurudi nyuma siku nzima leseni yangu haijui." Nikamwongezea soda. Jioni tulipima: karibu hakuna kilichobadilika. Mwekezaji alifurahi, akaagiza mbuzi.

Nikaomba boza la maji. Tukamwaga maji kuzunguka kipande chote, tukarudia alfajiri, tukaacha yanywewe. Safari za kwanza za tipa hazikuonyesha kitu, kisha nikasikia mlio umebadilika. Chuma kilichokuwa kinalia sasa kilikuwa kinafyonza. Nilipiga magoti pembeni nikatazama. Kila tairi lilipokanyaga, tope jeusi lilichomoza kwenye matundu, likasimama kidogo juu ya bamba, na tairi lilipopita likavutwa chini pamoja na hewa. Matundu yale yaliwekwa kupunguza uzito na kupitisha maji, na sasa yalikuwa yanapitisha udongo. Safari baada ya safari uso wa chuma ukazidi kuwa mweusi na utelezi, na mbele ya tairi bamba likaanza kunyanyuka, wimbi dogo linalotangulia gurudumu. Saa sita mchana ndoano za kwanza zikaachia. Kona moja ya bamba ikasimama juu, ina makali. Dereva akafunga breki bila kuambiwa. Niliifikiria ile kona ikikutana na tairi la ndege iliyo mwendo wa kuruka.

Kesho yake tuliyafumua. Mabamba yenyewe, ukiacha ndoano, yalikuwa mazima; ungeweza kuyaosha na kuyauza tena. Chini yake palikuwa na mabonde mawili marefu yaliyojaa maji, na kati ya mabonde udongo umesukumwa juu. Kile kilichokuwa kinashindwa tangu asubuhi tulikuwa tumekifunika kwa chuma tusikione.

Ushauri wangu ulikuwa wa kizamani. Tuliondoa udongo mweusi hadi nusu mita, tukachimba mitaro pande zote mbili na kuipa mahali pa kumwaga, tukarudishia kifusi kisicho na ulanga katika safu nyembamba, kila safu ikishindiliwa na kupimwa kabla ya inayofuata, na njia ikapewa mgongo ili maji yasilale. Mabamba yalirudi kwenye maegesho, juu ya turubai nzito ya kuzuia tope lisipande. Masika iliyofuata nilikwenda kukagua na ile fimbo yangu. Mwekezaji alinipeleka mwenyewe, akasimama juu ya njia ya changarawe ambayo haikuwa na bati hata moja na ilikuwa inatumika kila siku.

"Sasa, mzee," akaniuliza, "vile vyuma nilinunua vya nini?"

Nikamwambia vitamfaa sana siku greda lake litakaponasa.

Tangu nistaafu, wahandisi vijana wananipigia simu mara mojamoja, hasa watoto wa watu niliofanya nao kazi. Mwaka huu ni binti mmoja ambaye kampuni yake imeombwa kuimarisha kiwanja cha mbugani ambacho ndege zake zimeongezeka. Alianza kwa shikamoo, akaniuliza kuhusu mama watoto na magoti yangu, kisha akaniambia mteja anataka sahani za kutandika, za kisasa, nyepesi, na amekwisha kutafuta bei. Alitaka nimwambie aina ipi ni imara.

Nilimwuliza ndege ngapi zinatua kwa siku, za uzito gani. Hilo alikuwa nalo. Nilimwuliza maji ya mvua yanaelekea wapi yakishatoka kwenye njia. Akasema kuna mtaro, ila umejaa nyasi. Nilimwuliza nani ana mamlaka ya kukifunga kiwanja asubuhi ya mvua, na je, mtu huyo analala pale au anapigiwa simu Dar es Salaam. Akanyamaza kidogo, akasema hilo ataliuliza. Nikamwambia aliandike kwenye ripoti, kwenye ukurasa wa kwanza, kabla ya michoro.

Halafu akarudi kwenye sahani. Bei inaisha muda wake mwisho wa mwezi, alisema, na mteja anamsukuma. Nikamwambia aniletee kwanza udongo, kilo 50 kutoka kila mahali: panapogeukia ndege, panapoegeshwa, na popote mfyeka nyasi atakapomwonyesha. Achimbe hadi mita moja, asichukue wa juu. Na kama anaweza kumzuia mteja wake hadi Aprili, achimbe Aprili.

"Lakini mzee, Aprili gari halifiki."

"Basi hiyo nayo iandike."